SOMO LA FAMILIA: MWENZI WAKO ANAPOUGUA SARATANI YA UTUMBO

Mafungu ya kusoma: Mwanzo 35:16-20, 2 Wafalme 20:1-7, 1 Wafalme 19:1-8

Mwezi huu tujifunze jambo ambalo familia kadhaa hapa Nakivale wanalibeba kimya kimya: daktari amesema mume au mke ana saratani ya utumbo, na imekwisha kuenea. Mwenye afya afanye nini?

1. Tuujue ugonjwa wenyewe
Saratani hii huanza katika utumbo mpana au karibu na njia ya haja kubwa. Ikichelewa kuonekana husambaa, mara nyingi kwenye ini na mapafu. Hapo madaktari huiita hatua ya nne. Mara nyingi wakati huo matibabu ni ya kupunguza nguvu ya ugonjwa na kutuliza maumivu, si ya kuung'oa kabisa. Haiambukizi. Mnaweza kulala kitanda kimoja na kula sahani moja.

Wengine hupasuliwa, na haja kubwa ikatoka kupitia tundu la tumboni na kuingia katika mfuko. Hapo mgonjwa huona haya hata mbele ya mwenzi wake. Mume, jifunze kuubadilisha mfuko ule. Mama, usigeuze uso. Osha ngozi kwa maji safi, ikaushe polepole, na uzungumze naye habari nyingine wakati mikono inafanya kazi. Huo ndio upendo tulioahidiana siku ya ndoa.

Na wewe usiye mgonjwa, ukiona damu katika choo, au choo kimebadilika kwa majuma mengi na unakonda, usiseme tu ni bawasiri au minyoo. Nenda upimwe.

2. Je, ni laana?
Wapo wanaokuja kumwona mgonjwa wakiwa na 2 Nyakati 21 mkononi. Husema mfalme Yoramu alikufa kwa ugonjwa wa matumbo, basi na huyu ametenda dhambi. Ndugu, someni sura yote. Yoramu aliwaua ndugu zake mwenyewe, na nabii alimwandikia barua ya kumwonya. Maandiko yenyewe yametaja sababu yake. Kwa mgonjwa wa jirani yako hakuna barua kama hiyo, basi usiiandike wewe. Timotheo naye aliugua tumbo mara kwa mara. Paulo hakumtafutia dhambi, alimshauri kitu cha kutumia (1 Timotheo 5:23). Pia msimtafute mchawi. Neno la uchawi limevunja ujirani wa watu waliokimbia vita pamoja, na halijamponya mtu.

3. Maombi na dawa
Mfalme Hezekia alipoambiwa atakufa, alilia na kuomba, na Mungu akamwongezea miaka 15. Hata hivyo Isaya aliagiza tini zilizopondwa ziwekwe juu ya jipu. Mungu aliyesikia maombi hakuikataa dawa. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Tupa dawa ili uonyeshe imani," usimsikilize, hata akijiita nabii.

Wengi wanaogopa mofini, dawa ya maji ya kutuliza maumivu makali. Wanadhani inaharakisha kifo. Ikinywewa kwa kipimo na saa alizosema mhudumu, haiui. Inampa mgonjwa usingizi na nafasi ya kuongea na watoto wake. Nchi hii ya Uganda imeifanyia kazi kubwa. Hospice Africa Uganda ilianza mwaka 1993, tawi lake la Mbarara likaanza 1998, na tangu 2004 wauguzi waliofundishwa kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Uliza kituo cha afya, omba barua ya rufaa. Mofini hufunga choo, basi mwambie muuguzi mapema. Tumbo likivimba, mgonjwa akitapika na asipate choo wala hewa, msingoje asubuhi; mpelekeni haraka.

4. Semeni ukweli nyumbani
Kabla ya kupona, Hezekia aliambiwa aweke sawa mambo ya nyumba yake. Kufanya hivyo si kukosa imani. Familia nyingi humficha mgonjwa, naye mgonjwa anajua na anawaficha wao. Kila mmoja analia peke yake chini ya turubai moja. Muulize mwenzi wako kwa upole anataka kujua kiasi gani, kisha zungumzeni: karatasi ya familia iko wapi? Nani tunadaiwa, nani anatudai? Watoto watakaa na nani? Waambieni watoto kwa maneno madogo, wasije wakasikia kwenye bomba la maji.

Na kuna swali zito kwetu sisi wakimbizi: "Nitazikwa wapi, mbali na baba zangu?" Yakobo alimzika Raheli njiani, si katika kaburi la jamaa. Akaweka nguzo, akaendelea na safari na watoto. Miaka mingi baadaye, mzee akiwa Misri, bado alimtaja (Mwanzo 48:7). Kaburi la njiani si kaburi lililosahauliwa, wala Mungu halioni kuwa liko ugenini.

5. Anayeuguza naye ni mtu
Eliya alipochoka hata kutamani kufa, malaika hakumhubiria kwanza. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kanisa, tufanye vivyo hivyo. Badala ya kusema, "Jipe moyo," leta jerikeni la maji. Fua mashuka. Kaa na mgonjwa usiku mmoja ili mke wake alale. Chukua foleni ya chakula kwa niaba yao. Nawe unayeuguza, ukisaidiwa, kubali. Hasira na machozi yako Mungu anayajua. Zaburi zimejaa maombi ya namna hiyo.

Maswali ya vikundi vya nyumbani
1. Kwa nini si haki kumpima kila mgonjwa kwa habari ya Yoramu?
2. Ni jambo gani wewe na mwenzi wako hamjazungumza bado?
3. Katika kijiji chetu, nani anauguza? Juma hili tutamfanyia kazi gani, na siku gani?

Tuombe: Bwana, uliyelia kaburini kwa Lazaro, kaa na nyumba zenye mgonjwa. Ukiponya, tutakushukuru. Ukimchukua, usituache njiani. Amina.