Kuuliza na Kuandika Habari za Wazazi Wetu

Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kutaja bila kusita mwaka vilipoanza Vita vya Majimaji, 1905, na mwaka Tanganyika ilipopata uhuru, 1961. Lakini mwulize bibi yake mzaa mama alizaliwa kijiji gani, au baba yake alisoma kwa taa gani usiku, na mara nyingi atanyamaza. Habari hizo hazimo katika kitabu chochote cha maktaba yetu. Zimo vichwani mwa watu wachache, na watu hao wanazeeka. Somo hili lakusudia kuonyesha namna ya kuziuliza, kuzipima na kuziandika, ili likizo ijayo kila mmoja wetu awe na kazi ya maana nyumbani kwao.

1. Kwa nini tuziandike

Tutazame mfano mmoja wa kweli. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Omani na Zanzibar, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, na mwaka 1867 akaolewa na mfanya biashara Mjerumani wa Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Watoto wale walikua wakisema Kijerumani. Hawakuijua nyumba aliyozaliwa mama yao, wala harufu ya karafuu, wala sauti ya mawimbi ya Mtoni. Basi mama akaketi akawaandikia. Maandiko yake yalitoka kitabu huko Ujerumani mwaka 1886.

Ndani ya kitabu kile twakuta mto ukipita kando ya jumba kwenda baharini, tausi na paa wakitembea uani, na watoto wakifundishwa kupanda farasi. Twasoma pia jinsi alivyojifunza kuandika. Wasichana wa nyumba ile walifundishwa kusoma tu, basi akajifundisha mwenyewe kwa siri, akiiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Lakini anapofika kwa mama yake mzazi, maneno yanakuwa machache. Mama yule alikuwa Mcherkesi, mtu wa nchi ya mbali upande wa kaskazini. Alikumbuka kwamba baba yake alikuwa mkulima. Kwamba vita viliingia ghafula. Kwamba wazazi wake waliuawa. Na kwamba wapanda farasi waliwachukua yeye, kaka yake na dada yake mdogo, kila mmoja juu ya farasi wake, dada akimlilia mama yao. Kisha njia ziliachana, wala hakupata tena habari zao. Alikuwa mtoto mno, na hakuwa na mtu mzima wa kumwuliza. Habari za ukoo ule zikakomea hapo. Binti aliweza kujaza kitabu kwa yale aliyoyaona mwenyewe. Kwa yale ambayo mama yake hakupata kusimuliwa, hapakuwa na la kuandika.

Wengi wetu tuna bahati ambayo mama yule hakuwa nayo: wa kuwauliza tunao.

2. Waliotutangulia katika kazi hii

Kuandika habari za nyumbani si jambo geni katika Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa mkusanyaji na mwandishi mkubwa wa kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapwa mwaka 1903. Humo mna habari za uzazi, malezi, michezo ya watoto na mafunzo ya chuoni. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909 na kufa mwaka 1962, aliandika maisha yake mwenyewe, nasi twamwona kama mume aliyefiwa na baba aliyewatungia watoto wake tenzi za kuwaonya. Watu hawa hawakungoja mgeni aje kuwaandikia. Nasi tufuate nyayo zao.

3. Namna ya kuuliza

Kwanza, chagua saa. Usimwendee mzee na daftari mkononi kama karani wa kodi. Mwamkie, mweleze kusudi lako, umwombe ruhusa. Saa nzuri ni ile mikono ikiwa kazini na ulimi ukiwa huru: mnapochambua mchele, mnapopukuchua mahindi, mnaposuka ukili. Shika kazi pamoja naye.

Pili, uliza mambo madogo. Ukisema, "Bibi, maisha ya zamani yalikuwaje?" atajibu, "Yalikuwa mazuri, mwanangu," na mazungumzo yatakufa. Bali uliza hivi: Nyumba yenu ilikuwa na milango mingapi, na kila mmoja ulielekea wapi? Nani aliamka wa kwanza? Maji mliteka wapi, na mtungi ulijaa kwa safari ngapi? Usiku mliwasha koroboi au taa ya chemli, na nani aliruhusiwa kuizima? Baba alikula na nani? Mtoto akikosa, nani aliadhibu na nani aliombea msamaha? Swali dogo hufungua mlango mkubwa. Anayeulizwa habari za koroboi ataeleza bei ya mafuta ya taa, kisha safari ya dukani, kisha siku alipoyamwaga njiani akaogopa kurudi nyumbani.

Tatu, jifunze kunyamaza. Mzee akitua, usiharakishe kuuliza jingine. Huenda yuko njiani anarudi na neno.

4. Namna ya kupata mwaka

Wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa, lakini hawakosi alama za wakati. Kazi yako ni kuzilinganisha na miaka ijulikanayo. Hizi ni baadhi yake:

Mapinduzi ya Zanzibar, tarehe 12 Januari 1964, na Muungano, tarehe 26 Aprili mwaka ule ule.
Azimio la Arusha, Februari 1967.
Kujengwa kwa reli ya TAZARA, 1970 hadi 1975.
Vita vya Kagera, vilivyoanza Oktoba 1978. Kampala ilitekwa Aprili 1979.
Kuzama kwa meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996.
Kifo cha Mwalimu Nyerere, tarehe 14 Oktoba 1999.

Tuseme mama asema, "Kaka yako mkubwa alikuwa anatambaa redio iliposema Amini ameingia Kagera." Mtoto hutambaa akiwa na miezi saba hadi kumi hivi. Basi kaka yako alizaliwa karibu na mwanzo wa mwaka 1978. Lakini angalieni: alama nyingine hazikuwa za mwaka mmoja kila mahali. Serikali ilitangaza mwishoni mwa mwaka 1973 kwamba watu wote wa mashambani hawana budi kuhamia vijiji kabla ya kwisha mwaka 1976. Lakini Dodoma watu walikuwa wamekwisha kuhamishwa tangu 1971. Asemaye, "Ulikuwa mwaka wa kuhamia kijijini," yafaa aulizwe pia, "Ulikuwa wapi?"

5. Habari zikipingana

Ndugu wawili waliolelewa chungu kimoja hawakumbuki nyumba moja. Mama yangu mzazi alikuwa na umri wa kama miaka sita walipohamia kijijini. Kwake yeye ilikuwa siku ya furaha: alipanda lori kwa mara ya kwanza maishani, watoto wakaimba njia nzima. Mjomba wangu alikuwa na miaka kumi na mitano. Yeye akumbuka mahindi yaliyoachwa shambani yakiwa hayajakomaa, na boriti za nyumba alizozishusha pamoja na babu, moja moja, ili wakajengee huko waendako.

Nani asema kweli? Wote wawili. Mmoja alikuwa juu ya lori na mwenzake chini ya paa. Niliandika maelezo yote mawili, kila moja na jina la msemaji na umri wake wakati ule, kisha nikawasomea. Mama akanyamaza kitambo. Halafu akasema kwamba sasa ndipo afahamu kwa nini baba yao hakusema sana mwaka ule mzima. Yeye alidhani amemkosea. Alikuwa ameibeba fikira ile zaidi ya miaka thelathini. Kwa hiyo usimchague mmoja ukamfuta mwingine. Waandike wote.

6. Habari za uchungu

Katika kila darasa wamo waliofiwa na wazazi, waliolelewa na bibi au shangazi, na wale ambao baba aliondoka asirudi. Kazi hii ni yao pia. Mzazi ni aliyekuzaa, na mlezi ni mzazi vile vile. Habari za aliyekupikia uji ni habari za nyumbani kwenu. Mwenye kufiwa aweza kuwauliza waliomjua marehemu: alipenda chakula gani, alichekaje, aliwaitaje watoto wake?

Mzee akisema, "Hilo tuliache," liache. Likiandikwa na ikaonekana halifai kusomwa mbele ya watu, libaki katika daftari nyumbani. Siri ya nyumba ni amana, haitafutiwi alama za mtihani.

7. Namna ya kuandika

Linganisheni vifungu hivi viwili.

Cha kwanza: "Mama yangu alikuwa mpole na mwenye bidii sana. Alitupenda wote."

Cha pili: "Mama alikuwa akituandalia chakula, kisha yeye akasema amekwisha kuonja jikoni na kushiba. Nilipokuwa na miaka tisa niliingia jikoni nikakuta anakwangua ukoko."

Kifungu cha pili hakina neno "upendo" wala neno "bidii", lakini msomaji ameviona vyote viwili. Andikeni yaliyotendwa, sifa zitajitokeza zenyewe. Yaacheni maneno ya wazee kama walivyoyasema, hata yakiwa ya lugha ya nyumbani, kisha mweleze maana yake.

MAZOEZI YA LIKIZO

1. Chora ramani ya nyumba aliyokulia mzazi au mlezi wako, kama akuelezavyo: vyumba, jiko, kisima, miti.
2. Andika siku moja ya utoto wake, tangu alfajiri hadi kulala.
3. Tafuta mwaka wa jambo moja la nyumbani kwenu kwa kulilinganisha na alama zilizotajwa juu. Onyesha hesabu yako.
4. Waulize watu wawili habari za tukio moja. Andika wapi wanapatana na wapi wanaachana.
5. Msomee aliyekusimulia yale uliyoyaandika, usahihishe akuambiayo, na uandike jina lake na tarehe chini ya ukurasa.

Zoezi la tano lisiachwe na mtu yeyote. Daftari zitakusanywa wiki ya kwanza ya muhula, zitasahihishwa, kisha kila moja itarudishwa kwa mwenyewe ikatunzwe nyumbani kwao.