Somo la Familia: Vitambaa Vinne Vinavyokutana Katikati



Safari hii somo ni la mikono. Tafuteni mkasi, sindano, na zile nguo kuukuu mlizozifunga kwenye mfuko chini ya kitanda. Najua kila nyumba ina mfuko huo. Hazivaliki tena, lakini hakuna anayethubutu kuzitupa.

Shabaha ya somo: mwisho wake familia iweze kushona mfarishi mdogo kwa kanda za vitambaa vinne. Mfarishi ni blanketi la tabaka tatu: juu nguo zilizounganishwa, katikati kitu cha kuleta joto, chini shuka, na vyote hushonwa pamoja.

1. KAZI HII IMETOKA WAPI?

Wengine husema kuunga vipande ni kazi ya aliyekosa. Tuangalie mifano miwili kutoka Marekani.

Mfano wa kwanza ni Waseminole wa Florida. Mwaka 1830 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji wa asili na kuwapeleka magharibi. Waseminole walikataa, vita vikapiganwa toka 1835 hadi 1842. Wengi walihamishwa, na wachache waliobaki walijificha katika vinamasi vya kusini mwa Florida. Baadaye walipata cherehani za mkono kwa njia ya biashara. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanawake wao walianza kushona kanda ndefu za rangi mbalimbali pamoja, kuzikata kwa upande mwingine, kisha kuziunga upya. Kazi hiyo waliivaa na kuwauzia watalii, nao wanaifanya hata leo.

Mfano wa pili ni akina mama weusi wa Gee's Bend, Alabama, wajukuu wa watumwa. Walishona mifarishi kwa nguo za shambani zilizochakaa. Mmoja wao, Missouri Pettway, mwaka 1942 alishona mfarishi kwa nguo za kazi za mume wake aliyefariki, apate kujifunika nao na kumkumbuka. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho iliwekwa katika makumbusho makubwa ya Houston na New York, watu wakapanga foleni kuitazama.

Namna tutakayojifunza leo ilienezwa na Mmarekani mwingine, Ricky Tims, mpiga piano na fundi wa mifarishi, katika kitabu chake cha mwaka 2003. Kwa Kiswahili tuiite mfarishi wa makutano. Raha yake ni kwamba mshonaji hajui picha kamili itakayotokea mpaka mshono wa mwisho.

2. VIFAA

- Vitambaa vinne vya pamba, kila kimoja mraba wa sentimita 42 kwa 42. Tuviite A, B, C na D. Chagua viwili vyenye rangi nzito na viwili vyepesi.
- Mkasi mkali, tepu ya fundi, ubao ulionyooka, chaki au kipande cha sabuni kavu.
- Sindano na uzi, au cherehani kwa aliye nayo.
- Pasi ya mkaa.

Fueni vitambaa kwanza. Kitenge kipya huweza kuchuja rangi na kupungua, na ni heri kipungue kabla ya kushonwa. Msichanganye pamba na nailoni, maana pasi itakayonyoosha pamba itaunguza nailoni.

3. HATUA

Hatua ya kwanza. Kata kila kitambaa katika kanda saba zenye upana wa sentimita 9, 8, 7, 6, 5, 4 na 3. Watoto wajumlishe wenyewe, watapata 42 kamili. Andika herufi na namba nyuma ya kila ukanda.

Hatua ya pili. Panga kanda za A na B juu ya mkeka kwa kupokezana. A ianze na ukanda mpana na kupungua, B ianze na mwembamba na kuongezeka: A9, B3, A8, B4, A7, B5, A6, B6, A5, B7, A4, B8, A3, B9. Hapo utaona A inaondoka polepole na B inaingia polepole.

Hatua ya tatu. Shona kwa mpango huohuo, mshono ukiwa nusu sentimita kutoka ukingoni. Kila mshono unakula sentimita moja, yaani nusu kila upande. Kanda 14 zina mishono 13. Upana wote ulikuwa sentimita 84, ukitoa 13 unabaki na 71. Sasa una kipande cha 71 kwa 42.

Hatua ya nne. Fanya vilevile kwa C na D. Piga pasi. Kwenye kipande cha A na B laza mishono yote kulia, kwenye cha C na D laza yote kushoto. Sababu yake utaiona mbele.

Hatua ya tano. Hapa wengi huogopa. Chukua kipande ulichotoka kukishona, ukikate tena, safari hii kwa kukatiza kanda zote. Kipande cha A na B kikate kutoka juu: 9, 8, 7, 6, 5, 4, 3. Cha C na D kikate kutoka juu: 3, 4, 5, 6, 7, 8, 9. Kila ukanda sasa una rangi mbili na urefu wa sentimita 71.

Hatua ya sita. Zishone kwa kupokezana kama mwanzo: AB9, CD3, AB8, CD4, na kuendelea mpaka AB3, CD9. Kwa kuwa mishono ililazwa pande tofauti, itakaa vizuri inapokutana na haitafanya nundu. Ukimaliza una mraba wa 71 kwa 71. A imeshika kona ya juu kushoto, B juu kulia, C chini kushoto, D chini kulia, na katikati vyote vinne vimeingiliana.

Hatua ya saba. Weka blanketi kuukuu katikati na shuka chini. Shona kwa mkono kupita tabaka zote tatu, kisha kunja kingo. Huo unamtosha mtoto mchanga. Ukiunga minne kama huo kabla ya kuweka blanketi na shuka, unapata sentimita 141 kila upande, unamtosha mtoto wa shule.

4. MAKOSA YETU

Mimi na mama watoto tulipojaribu mara ya kwanza, nilisema hakuna haja ya kuandika namba, macho yanatosha. Tukaweka kanda mlangoni penye mwanga, upepo ukaja. Ukanda wa 5 na wa 6 vinafanana sana! Tulishona mpaka jioni, na asubuhi tukaona rangi imerudi nyuma mahali ambapo ilipaswa kwenda mbele. Tulifumua mishono sita kwa wembe. Tangu siku hiyo mwenye kuandika namba ni mtoto wetu wa darasa la tatu, naye hakosei.

Kosa la pili ni mshono unaocheza. Ukizidisha milimita mbili tu kila mshono, katika mishono 13 umepoteza zaidi ya sentimita mbili na nusu, na kipande cha AB hakitalingana na cha CD. Pima mara mbili, kata mara moja.

5. KWA NINI TUKATE KILICHO CHA THAMANI?

Nimeacha jambo hili mwisho kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Jirani yetu mmoja alitoka nyumbani na kitenge kimoja cha marehemu mama yake. Alikuwa amembebea mtoto njiani. Kilikuwa kimechanika upande, akakitunza miaka yote bila kukivaa. Mwaka jana mabinti zake wawili walipata safari ya kuhamia ng'ambo, kila mmoja na mume wake, nchi tofauti. Wa tatu anabaki hapa. Wote watatu walikitaka kitenge cha bibi, wala hakuna aliyetaka kusema.

Mke wangu akamwambia, “Dada, kitenge kizima ni cha mtu mmoja. Kikikatwa, ni cha wote.” Yule mama alilia, akaondoka. Baada ya siku tatu akarudi nacho. Walikata mwenyewe na mabinti zake, wakapata miraba mitatu mizima, na kila mfarishi ukawa na mraba mmoja wa bibi, mmoja wa mama, na miwili waliyoichagua wenyewe. Mmoja umekwenda katika nchi ya baridi. Mmoja uko nyumba ya nne kutoka kanisani, nimeuona ukianikwa.

Tunakumbuka kwamba Dorkasi alipokufa, wajane walionyesha nguo alizowashonea. Kazi ya mikono huendelea kusema habari za mtu.

Simlazimishi mtu kukata. Kama moyo bado, anza na mashati yaliyochakaa, cha thamani kingoje siku yake.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

1. Ni nguo gani katika mfuko wetu ina habari ambayo watoto hawajasikia? Nani ataisimulia?
2. Kwa nini ukanda mwembamba huanza karibu na ukanda mpana? Ingekuwaje kama zote zingelingana?
3. Mraba ukiwa na kanda za 2, 3, 4, 5, 6, 7 na 8, utahitaji kitambaa cha sentimita ngapi?
4. Nani katika mtaa wetu ana cherehani, na sisi tutamsaidia nini ili atusaidie?

Atakayemaliza alete mfarishi wake tuuone. Na aliyefumua asione haya, aje na wembe wake.