Wizi wa Maandishi Chuoni: Tuujue Kabla Hatujafika

Wengi wetu hapa Buyangu tunatumaini kuingia chuo kikuu siku moja, hata kama ni hapo Masinde Muliro mjini Kakamega. Basi ni vyema tujue mapema kosa ambalo huwafukuzisha wengine huko.

Sisi wa sekondari tunajua mwakenya. Miaka ya 1980 Mwakenya lilikuwa kundi la siri la kisiasa lililotawanya vikaratasi kichinichini, na mwaka 1986 watu wengi walikamatwa kwa sababu yake. Wanafunzi wakalichukua jina hilo wakaipa karatasi ya kuibia mtihani. Lakini chuoni kazi nyingi huandikwa nje ya chumba cha mtihani, bila msimamizi. Ndiyo maana wizi wa huko una sura nyingine.

Wizi wa maandishi ni nini?
Ni kuchukua maneno au mawazo ya mwingine na kuyatoa kama yako. Elewa vizuri: chuo hakikatazi kuazima, kinakataza kuficha. Ukiazima jembe la jirani hakuna ubaya. Ukichonga jina lako kwenye mpini, hapo sasa wewe ni mwizi.

Tuseme kitabu kimeandika: "Msitu wa Kakamega ni mabaki ya msitu mkubwa wa mvua."
(a) Mwanafunzi wa kwanza anainakili ilivyo, kimya. Huo ni wizi.
(b) Wa pili anageuza "mabaki" kuwa "masalio", basi. Huo pia ni wizi.
(c) Wa tatu anaeleza kwa maneno yake na kutaja mwandishi, mwaka na ukurasa. Huyu yuko salama.

Siku hizi kuna pia akili bandia kama ChatGPT, iliyotoka mwaka 2022. Kanuni haibadiliki: ikikuandikia nawe ukanyamaza, kazi si yako.

Chuo hufanya nini?
Kwanza, kazi hupitishwa kwenye programu ya kompyuta kama Turnitin. Programu hii haisemi nani ni mwizi. Huonyesha tu maneno yanayofanana na ya kwingine, kisha mhadhiri anapima mwenyewe. Pili, mwanafunzi huitwa mbele ya kamati ajitetee. Tatu, akipatikana na hatia anaweza kupewa sufuri, kusimamishwa masomo au kufukuzwa kabisa.

Hata digrii hupokonywa baadaye. Mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Bayreuth kilimvua udaktari Karl-Theodor zu Guttenberg, Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani, kwa sababu tasnifu yake ilikuwa na maandishi ya watu wengine bila kuwataja. Akajiuzulu uwaziri. Njia ya mwongo ni fupi.

Jambo linalotugusa sisi
Wako vijana wa Kenya waliosoma wakakosa kazi, ambao huwaandikia wanafunzi wa Uingereza na Marekani insha na hata tasnifu kwa malipo. Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, anawafuatilia katika filamu The Shadow Scholars ya mwaka 2024. Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayofanya kuuza au kutangaza kazi kama hizo kuwa kosa la jinai.

Wengine husema, "Si kazi ni kazi? Mtu ale nini?" Kweli, njaa haina adabu. Lakini piga hesabu. Mwandishi analipwa mara moja, pesa zinaisha. Mnunuzi anapata digrii ya maisha, mshahara na cheo. Akili ni ya Mkenya, jina ni la mwingine. Na je, aliyenunua kazi ya uuguzi akija kukudunga sindano? Kwa maoni yangu, kijana wetu hapo anashiriki wizi na papo hapo anaibiwa.

Zoezi
Chukua aya moja ya kitabu cha historia au bayolojia. Isome mara mbili, ifunge, kisha iandike kwa maneno yako ukitaja mwandishi na ukurasa. Mpe mwenzako alinganishe. Tukizoea sasa tukiwa kidato cha tatu, chuoni hatutababaika.