DIWANI TUMUULIZE NINI?

Darasani diwani ni kitabu cha mashairi. Mtaani ni mjumbe wa wadi, ingawa wengi wetu twamwita MCA tu. Tangu 2013 anaketi katika Bunge la Kaunti ya Kiambu, si tena katika mabaraza ya manispaa ya Thika na Ruiru.

Mwaka 2009 mji wa Ruiru ulihesabiwa watu 238,858. Mwaka 2019 walikuwa 490,120. Barabara kuu ya Thika ilizinduliwa 2012, na mashamba ya kahawa yakazidi kugeuka ploti na magorofa.

Sasa mgombea akija na ahadi, tuzipime kwa Katiba ya 2010. Jedwali la Nne laipa kaunti maji na usafi, taka, masoko, nyumba na barabara za kaunti. Polisi na shule za upili ni za Serikali ya Kitaifa. Diwani hutunga sheria, hupitisha bajeti na kuichunguza serikali ya gavana. Basi anayeahidi kutujengea shule ya upili anatuuzia mbuzi kwenye gunia!

Tumuulize hivi:

1. Gorofa likiidhinishwa, maji taka yataenda wapi?
2. Kifungu cha 43 chatupa haki ya makao ya kufaa. Mpangaji wa chumba kimoja utamtetea vipi?
3. Pesa zikiwa chache, nini kitatangulia na nini kitangoja?

Wenzetu watakaokuwa wametimiza miaka 18 wataweza kupiga kura Agosti 2027. Majibu tuyaandike daftarini. Ahadi ni deni, lakini deni lisiloandikwa ni gumu kudai.