Ufundi na Riziki za Vijana Wetu

Ndugu zetu wa Malindi na Kilifi! Tarehe 26 Aprili 1967 Waitaliani walirusha setilaiti ya San Marco 2 kutoka jukwaa lao la baharini, mbele ya Ngomeni. Tarehe 12 Disemba 1970 ikarushwa hapo setilaiti ya Marekani, ikaitwa Uhuru.

Basi mitambo ilifika mlangoni petu. Lakini kuwa nayo karibu si kuijua. Asiyejua huajiriwa kulinda na kubeba. Ajuaye ndiye aitwaye kuiendesha na kuitengeneza. Na kompyuta leo ni vivyo hivyo.

Ewe mzazi, usiulize kwanza, “Nani amjuaye mkubwa wa kazi?” Uliza, “Mwanangu ajua kazi gani?” Wanavyuoni wamehesabu ufundi wenye kuhitajiwa na watu kuwa fardhi kifaya: tukiuacha sote, lawama ni yetu sote.