Maneno Yafananayo Huenda Yasiwe Ndugu

Katika nchi yenye lugha nyingi kama Kenya, mara kwa mara mtu husikia neno la kabila jingine likilia masikioni mwake kama neno la kwao, akadhani amekwisha kulifahamu. Dhana hiyo yaweza kuleta hasara.

Chukua neno "mũtumia". Kwa Wakikuyu ni mwanamke mtu mzima, mke wa mtu. Kwa Wakamba, walio jirani zao na ambao lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kikuyu, "mũtumĩa" ni mzee mwanamume, mwenye kuketi barazani. Naye Mswahili asiyejua lugha hizo atafikiri ni mtu anayetumia kitu. Tuseme, basi, shahidi kutoka Machakos asimama mbele ya hakimu katika shauri la mpaka wa shamba, aeleza kwamba mpaka uliwekwa mbele ya "atumĩa" watatu. Mkalimani akiwa ni mtu aliyelelewa Kiambu, akakisia kwa lugha yake mwenyewe, ataandikisha kuwa wanawake watatu walikuwapo. Mwenye shamba akija kuwaleta wazee wake watatu, ataonekana kana kwamba amegeuza maneno yake. Shamba laweza kupotea kwa neno moja, wala hapana aliyesema uongo.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kufanana kote ni kwa bure. J. L. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alichapisha mwaka 1850 kitabu kilichoweka bega kwa bega maneno ya lugha sita za Afrika ya Mashariki, miongoni mwazo Kiswahili, Kikamba, Kipokomo na lugha ya watu ambao leo waitwa Waoromo. Azitazamaye safu hizo huona upesi kwamba tatu za kwanza ni za ukoo mmoja, na ile ya Waoromo iko mbali nazo.

Lakini wataalamu wa baadaye hawakuridhika na kutazama kwa macho tu. Carl Meinhof, katika kitabu chake cha mwaka 1899, alionyesha kwamba sauti za lugha za Kibantu huachana kwa utaratibu. Msomaji aweza kujipimia mwenyewe. Kulima kwa Kikuyu ni "kũrĩma", na kulia ni "kũrĩra": penye l ya Kiswahili pana r. Kupanda mbegu ni "kũhanda": penye p pana h. Sasa litwae neno kulipa, ugeuze l iwe r, na p iwe h. Utapata "kũrĩha", na ndivyo Wakikuyu wasemavyo. Hapo undugu umethibitika, ijapokuwa kwa sura maneno hayo mawili hayafanani sana.

Kinyume chake ni neno meza. Wajaluo husema "mesa", Wakikuyu "metha", Waganda "emmeeza". Je, Kijaluo na Kikuyu ni wa ukoo mmoja? La, hasha. Neno hilo ni "mesa" la Wareno, wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593 na kuipoteza mwaka 1698. Waswahili walilitwaa, kisha likapanda bara pamoja na kitu chenyewe. (Kumeza chakula ni neno jingine kabisa, la Kibantu; hayo mawili yamekutana mlangoni tu.)

Wako pia wasikiao kwamba watu wa Mexico na wa Ufilipino hutumia fedha iitwayo "peso", wakasema kwamba pesa yetu imetoka huko. Sivyo. "Peso" ni neno la Kihispania, maana yake uzito. Pesa yetu ni "paisa" ya Bara Hindi, ambako rupia moja ilikuwa na paisa 64 mpaka hesabu hiyo ilipobadilishwa mwaka 1957. Na sarafu za pesa zenye jina la Mombasa zilipigwa mwaka 1888 kwa ajili ya kampuni ya Waingereza iliyotawala hapa wakati huo. Gari nalo tulilipata kwa Wahindi, kwao likiwa ni mkokoteni. Neno "car" la Kiingereza lilitoka Kilatini kwa njia ya Kifaransa cha kale, wala halikuzaa gari letu.

Yamebaki maneno ya watoto wachanga. Baba na mama, au yaliyo karibu nayo, yasikika katika lugha nyingi mno za dunia, hata zile zisizohusiana kabisa, kwa sababu mtoto huanza kwa sauti za midomo, na wazazi hujitwalia sauti hizo kuwa majina yao. Lakini nani aitwe kwa sauti ipi, kila taifa limeamua lenyewe. Katika nchi ya Georgia, iliyopakana na Uturuki, "mama" ni baba mzazi, na mama mzazi ni "deda". Mtu wa huko akimsikia mtoto wa Kiswahili akilia "Mama!", atatazama njiani kama baba anakuja.