Dondoo Muhimu: Kwa Mwenye Duka la Baiskeli Kanyenye, Tabora

Wapagazi wa Kinyamwezi, waliotoka Tabora hadi Bagamoyo na pembe za ndovu mabegani, hawakuwa na mfuko wa kuwafidia walipoumia safarini. Lakini kijana unayemwajiri leo kukaza spoku na kuziba pancha anayo hifadhi hiyo kwa mujibu wa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, nawe huna budi kujiandikisha katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, ijapokuwa mfanyakazi wako ni mmoja tu. Mchango, ambao tangu Julai 2022 ni nusu ya asilimia moja ya mshahara, ni juu yako wewe mwajiri wala haukatwi katika ujira wa fundi: kwa mshahara wa shilingi 400,000 utalipa 2,000.

Ajali ikitokea, mpeleke majeruhi hospitali kwanza, kisha uuarifu Mfuko ndani ya siku 7.

Aghalabu kinachodhurika ni macho, kwa ncha ya spoku iliyokatwa au cheche za jiwe la kusagia, basi miwani ya kazi isikosekane. Na anayechomelea fremu avae kioo cheusi, akae penye hewa, mbali na petroli na gundi ya viraka. Nimepata kumwona fundi hodari akichomelea huku amefumba jicho moja, kana kwamba lile la pili ni la kuazima!

Duka nalo lisajiliwe OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, kama iagizavyo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003.